Kichupa na Daftari

Mtu mzima aliyezaliwa na kukulia katika mabonde ya Muheza anaweza kuwa na vimelea vya malaria ndani ya damu yake, akalima, akapakia machungwa kwenye lori na kucheza ngoma usiku kucha, asijue kabisa kwamba anavyo. Mtoto wake wa miaka miwili akipata vimelea vya aina ileile anaweza kukata kauli kabla jua halijatua. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya wawili hawa imo katika majimaji ya manjano yanayobaki juu damu inapoganda, yaani seramu. Kazi yangu kwa miaka mingi, nikiwa fundi sanifu wa maabara ya utafiti mkoani Tanga, ilikuwa kuipima seramu hiyo: ina kinga gani, inazuia nini, na inatosha kiasi gani. Nimestaafu sasa, na bado naamini kwamba sehemu ngumu kuliko zote katika kazi ile haikuwa ndani ya maabara.

Tofauti hiyo ya mkubwa na mtoto ilionekana zamani. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, alipofika New Guinea mwaka 1900 aliona kwamba penye malaria nyingi watoto ndio wanaojaa vimelea, na watu wazima wa hapohapo wana vichache au hawana kabisa. Alijua kuna kinga inayojengwa na kuugua mara kwa mara. Asichoweza ni kuiweka kinga hiyo mezani na kuipima, kwa sababu kimelea chenyewe hakikukubali kuishi nje ya mwili wa binadamu kwa muda mrefu. Ilibidi kusubiri mpaka 1976, pale William Trager na James Jensen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipofanikiwa kukuza vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu mfululizo ndani ya maabara.

Njia yao inanishangaza mpaka leo kwa wepesi wake. Unachukua seli nyekundu za damu ya kundi O, unaziweka kwenye chakula cha majimaji kilichoongezwa seramu ya binadamu, unavitia vimelea, unatunza joto la nyuzi 37. Hewa yetu ya kawaida ina oksijeni nyingi mno kwa kimelea, kwa hiyo Trager na Jensen waliweka sahani zao ndani ya chombo cha kioo chenye mfuniko, wakawasha mshumaa humo ndani na kufunika. Mshumaa unakula oksijeni, unaacha kaboni dioksidi, unazimika wenyewe, na hewa iliyobaki inakifaa kimelea. Sisi tulikuwa na mitungi ya gesi iliyochanganywa tayari, lakini mtungi ulipochelewa kufika tuliwasha mishumaa, na vimelea havikulalamika.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Kimelea kikiingia kwenye seli nyekundu hukua humo kwa takriban saa 48, hujigawa, kisha seli hupasuka na kutoa vimelea vipya, mara nyingi kati ya 16 na 32. Hao wapya wana muda mfupi sana wa kutafuta seli nyingine, dakika moja hivi. Hapo ndipo kingamwili, yaani protini za kinga zilizomo katika seramu, zinapoweza kuwawahi, wakiwa wazi nje ya seli. Kwa hiyo unavilinganisha vimelea vyako kwa sobitoli, dawa inayoua wakubwa na kuacha wachanga, ili vyote viwe vya umri mmoja. Unavigawa kwenye sahani yenye visima 96, kila kisima unakitilia seramu ya mtu mmoja, na visima vingine unavitilia seramu ya watu ambao hawajawahi kuishi penye malaria. Baada ya mzunguko mmoja unahesabu. Sisi tulianza kwa kuhesabu kwa jicho, slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa chini ya hadubini, mpaka shingo inakakamaa. Baadaye zikaja mashine za kuhesabu seli kwa mwanga na kemikali za rangi zinazopima kimeng'enya cha kimelea. Ikiwa visima vya seramu ya Muheza vina vimelea nusu ya vile vya seramu ya wasiowahi kuishi penye malaria, unasema seramu hiyo imezuia asilimia 50.

Kipimo ni rahisi kukieleza. Kukiamini ndiko kunahitaji kazi.

Nakumbuka seramu ya mtoto mmoja wa kijiji cha bondeni, bado hajaanza shule. Tulikuwa tumeizimua mara kumi kwa chakula cha vimelea, na hata hivyo kisima chake kilikuwa karibu kitupu. Hakuna mtu mzima yeyote katika kundi lile aliyefikia kiwango hicho. Vijana wa maabara tulifurahi, kwa sababu wakati ule kila mtu duniani alikuwa anatafuta mtoto wa namna hiyo: mtoto mdogo mwenye kinga kubwa, ambaye damu yake ingetuonyesha ni sehemu ipi ya kimelea inafaa kutengenezewa chanjo.

Mzee aliyekuwa mkuu wetu wa benchi hakufurahi wala hakukasirika. Aliomba daftari la kijijini. Humo mhudumu wa afya ya kijiji alikuwa ameandika: mtoto mzima, hana homa, hajapewa dawa. Mzee akalifunga, akasema, "Kesho twendeni tukamwone mama yake."

Tulimkuta anamenya muhogo. Baada ya salamu na mazungumzo ya mvua, Mzee hakumwuliza habari ya dawa. Alimwuliza habari ya mtoto: analalaje, anakulaje, mara ya mwisho alichemka lini. Mama akasema wiki iliyotangulia siku ya kuchukuliwa damu alichemka usiku mmoja, akampa klorokwini zilizokuwa zimebaki za kaka yake, homa ikashuka. "Sasa mama, mbona kwenye daftari imeandikwa hajapewa dawa?" Akatutazama kwa mshangao wa kweli. "Si mliniuliza kama amepewa dawa hospitali? Hospitali hatukwenda."

Alikuwa amejibu sawasawa. Fomu ndiyo iliyouliza vibaya. Iliandikwa na watu ambao kwao dawa hutoka hospitali, na ikapelekwa kwa watu ambao dawa yao hutoka dukani, kwa jirani, au kwenye kitambaa kilichofungwa juu ya kabati.

Tuliirudisha seramu ile maabara, tukaisafisha kwa kuiweka ndani ya utando unaopitisha chembe ndogo kama za dawa na kubakiza protini kubwa kama kingamwili. Ilipopimwa upya ilizuia kidogo tu, kama ya watoto wenzake. Kilichoua vimelea kilikuwa klorokwini. Kuna jambo jingine hapo ambalo Mzee alitueleza jioni ile na ambalo sijaona likielezwa vya kutosha kwa wanafunzi. Vimelea vya kijiji kile vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini; ndiyo maana mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria na kuingia dawa iitwayo SP, kabla ya dawa mseto kuja miaka michache baadaye. Lakini vimelea vyetu vya maabara vilikuwa aina iitwayo 3D7, ambayo asili yake ni damu ya mgonjwa aliyeishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, na ambayo haijawahi kuizoea dawa hiyo. Dawa iliyokuwa inashindwa kijijini ilikuwa inashinda vizuri sana mezani kwetu. Bila ya safari ile tungeandika kwamba tumepata kinga ya ajabu, na karatasi ingesomeka vizuri.

Tangu siku hiyo fomu ilibadilishwa. Swali likawa: ametumia kidonge au dawa yoyote, ya hospitali, ya dukani, ya jirani au ya mitishamba, tangu mwezi uliopita? Na hatukupima tena seramu ghafi; tulitenga kingamwili kwanza.

Mitego mingine naitaja kwa haraka. Seramu ya mtu wa kundi O ina kingamwili dhidi ya seli za kundi A na B, kwa hiyo ukikuza vimelea kwenye seli za kundi A itazigandisha zote, nawe utadhani umeona kinga ya malaria. Kuna watu wanaokingwa na seli zao zenyewe: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hawaugui malaria kali kama wengine, na mtoto wa namna hiyo akikaa mwaka mzima bila kuugua utaisifu seramu yake bure. Kila moja ya mitego hii inateguliwa na taarifa kuhusu mtu, inayotakiwa kuandikwa kando ya kichupa chake.

Kipimo tulichokifanya kwa wingi zaidi kilikuwa kingine, kile cha rangi, tunachokiita ELISA. Unapaka visima kwa kipande kimoja cha protini ya kimelea, tuseme AMA1 au MSP1, unaweka seramu, unaosha, unaweka kingamwili nyingine iliyofungiwa kimeng'enya, unaosha tena, unaweka dawa ya rangi. Rangi ikikolea, kingamwili ni nyingi. Kwa siku moja unaweza kupima mamia ya watu. Mkoa wetu unafaa sana kwa kipimo hiki kwa sababu ya milima. Mwaka 2005 watafiti walichapisha kazi iliyofanyika kaskazini mashariki mwa Tanzania, katika vijiji vya mabondeni na vya miinuko ya Usambara, Upare na Kilimanjaro, wakaonyesha kwamba kwa kutazama tu jinsi kingamwili zinavyoongezeka kwa umri unaweza kukadiria malaria ilivyokuwa inasambaa mahali hapo kwa miaka mingi iliyopita. Nimeziona sahani za namna hiyo mara nyingi: za bondeni zimekolea tangu kwa watoto wadogo, za juu mlimani nyeupe mpaka kwa watu wazima. Mtu wa Lushoto mjini akishuka Korogwe kufanya biashara anaingia kwenye malaria akiwa karibu hana kinga kama mtoto, na watu wa milimani walilijua hilo kabla ya maabara.

Lakini rangi kukolea kunathibitisha kwamba mtu alikutana na kimelea. Hakuthibitishi kwamba amekingwa. Hapa wengi wetu tulikwama kwa miaka, mpaka wenzetu wa Kilifi, Kenya, walipotusogeza. Mwaka 1998 kundi la Peter Bull na Kevin Marsh lilichapisha kazi ninayoihesabu kuwa safi kuliko zote katika fani hii. Walikuwa wamehifadhi seramu za watoto kabla hawajaugua, na vimelea vya watoto hao walipougua. Walipozikutanisha waliona kwamba seramu ya mtoto kabla ya ugonjwa ilitambua vimelea vya watoto wengine wengi, ila mara nyingi haikutambua vile vilivyokuja kumlaza yeye. Baada ya kupona, ilivitambua. Kwa maneno mengine, kimelea kilipita palepale penye pengo la kinga yake, na ugonjwa ukaliziba pengo hilo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2008, Faith Osier, daktari wa watoto Mkenya aliyegeukia utafiti, alionyesha na wenzake wa Kilifi kwamba watoto waliokingika zaidi ni wale wenye kingamwili nyingi dhidi ya protini nyingi kwa pamoja. Kipimo cha protini mojamoja kilikuwa kinatuonyesha kipande tu.

Hayo yote yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika tarehe. Nani aliugua, lini, kijiji gani, alilala kwenye chandarua au la. Wahudumu wa vijijini waliotembea kwa baiskeli wakipima joto la watoto nyumba kwa nyumba kila wiki wamefanya kazi sawa na sisi wa makoti meupe, na majina yao hayamo kwenye makala nyingi. Naona hilo ni deni.

Deni la pili nilidaiwa ana kwa ana. Tulikuwa tunachukua damu kwenye zahanati, akaja bibi mmoja na mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kila mwaka mnakuja, mnatutoa damu, mnaondoka. Inakwenda wapi?"

Nilianza kumweleza habari za friza na vichupa. Akanikata. "Sikuulizi mnaiweka wapi. Nakuuliza majibu yake yako wapi."

Wanaofanya kazi hii pwani wanajua kwamba swali kama hilo lisipojibiwa, jibu litatungwa. Kuna waliosema damu inauzwa. Kuna waliosema sisi ni mumiani. Wakubwa wengine maofisini waliyachukulia maneno hayo kuwa ujinga wa kuelimishwa. Mimi naona yalikuwa hesabu sahihi ya watu walioona kitu chao chenye thamani kinaondoka na hakuna kinachorudi.

Tuliomba ruhusa, mkutano ukaitishwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Tulieleza bila kumtaja mtu: watoto wa hapa wanaanza kujenga kinga umri gani, watu wazima wana kinga kiasi gani, na kwamba hata mkubwa mwenye kinga akikaa mbali na malaria kwa miaka, kinga hiyo hupungua. Yule bibi alisimama akasema kwamba yeye alizika watoto wawili kwa degedege, kwa hiyo asiambiwe kwamba kinga ya kijiji chao ilipatikana bure. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza hapo. Kisha mkulima mmoja, kijana, akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: kama damu ya sisi wakubwa inazuia malaria, kwa nini msitoe kinga hiyo kwetu mkawachoma watoto?

Nilimwambia kwamba wazo lake lilishajaribiwa na likafanya kazi. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walichapisha matokeo yao ya Gambia: walichukua kingamwili za watu wazima wa huko, wakawachoma watoto waliokuwa wanaumwa malaria, na ndani ya siku chache vimelea vikapungua mno. Miaka miwili baadaye wakaripoti kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi zilifanya kazi hata kwa watoto wa Afrika Mashariki. Utafiti huo ndio msingi wa kila kisima nilichowahi kukijaza. Nilimweleza pia kwa nini haukugeuka kuwa tiba: kingamwili za kuchomwa hupungua nusu kila baada ya wiki tatu hivi, inahitajika damu ya watu wengi kwa mtoto mmoja, na damu hubeba maradhi mengine.

Kijana yule alikaa chini akiwa hajaridhika, na wakati umempa haki. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo kutoka Mali: dozi moja ya kingamwili iliyotengenezwa maabara, iliyorekebishwa ili idumu mwilini, iliwakinga watu wazima katika msimu wa malaria wa miezi sita. Mwaka 2024 yakafuata matokeo mazuri kwa watoto wa nchi hiyohiyo. Chanjo nazo zimefika: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S mwaka 2021, baada ya majaribio ya kuitumia Kenya, Ghana na Malawi, na R21 mwaka 2023. Hizi zinalenga kimelea pale mbu anapokiingiza. Zile za kukilenga ndani ya damu bado zinajaribiwa, na kipimo kilekile cha kuzuia vimelea ndicho kinachotumika kuzichuja. Bagamoyo, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakiongozwa na Ally Olotu walijaribu mojawapo ya hizo, chanjo ya RH5, kwa watu wazima na watoto. Kingamwili za watoto wachanga waliochanjwa zilizuia vimelea kwenye sahani vizuri kuliko za watu wazima. Na damu ya watoto wa Muheza, wale waliougua na wale waliostahimili, ilipolinganishwa ndiyo iliyowaonyesha watafiti protini ya kimelea iitwayo PfSEA-1, iliyotangazwa mwaka 2014. Watu wa Muheza wanastahili kulijua hilo. Sina hakika ni wangapi wameambiwa.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwa vijana wanaoshika pipeti leo wakiwa na mashine zinazosoma mamia ya protini kwa tone moja la damu: fungueni daftari kabla ya kufungua friza, na mnapomaliza kuchapisha rudini kijijini mkaseme mlichokiona, kwa Kiswahili, mbele ya watu walewale waliokunja mikono ya mashati yao. La pili ni kwako msomaji. Siku mtafiti akibisha hodi kwako akiomba damu ya mwanao, una haki ya kumwuliza inakwenda wapi na majibu yatarudi lini, na asipokuwa na jibu una haki ya kukataa. Ukikubali, na akakuuliza mtoto ametumia dawa gani, mtajie zote, hata nusu ya kidonge cha dukani.